Funza wana mafuta: Somo la mwalimu wa Arua aliyenenepesha kuku hadi wakaacha kutaga

KUKU wa kwanza kufa bandani mwangu mwaka 2024 hakufa kwa kideri, wala hakukamatwa na kicheche. Alikufa kwa unene.

Nilimkuta alfajiri amelala kando ya chombo cha maji, upanga wake umepauka kama karatasi. Siku mbili baadaye akafuata wa pili. Nilimwita afisa mifugo anayeishi mtaa wa pili kutoka kwangu, hapa Arua, akampasua yule kuku juu ya gunia. Tumbo lilikuwa limejaa mafuta ya njano. Ini lilikuwa limepauka, likigusika linamomonyoka, na pembeni pameganda damu.

"Mwalimu, unawalisha nini kuku hawa?" aliniuliza.

"Funza," nilijibu, tena kwa fahari.

"Kiasi gani?"

Nilimpa daftari langu. Alilisoma, akatikisa kichwa, akanirudishia bila kusema neno. Katika daftari hilo kulikuwa na kosa ambalo nadhani wafugaji wengi wa kuku wa mayai wanaweza kulifanya sasa, wakati habari za kufuga funza zimeenea kila mahali. Ndiyo sababu nimeamua kuandika makala haya.

Daraja lilipofungwa

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, si wa sayansi. Serikali ya Uganda ilipowapandishia mishahara walimu wa sayansi mwaka 2022, sisi wa masomo ya sanaa tulibaki pale pale. Nilichukua mkopo katika chama chetu cha akiba, nikajenga banda nyuma ya nyumba na kununua kuku 120 wa mayai. Shabaha yangu ilikuwa moja: karo ya binti yangu.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kuku walipokomaa walikuwa wakinipa trei tatu kwa siku, yaani mayai 90, na siku nyingine yakizidi kidogo.

Kisha ikaja habari ya Karuma. Msomaji asiyeijua West Nile aelewe kwamba sehemu kubwa ya bidhaa zetu kutoka Kampala huvuka mto Nile kwa daraja hilo. Mwaka 2024 daraja lilifungwa kwa matengenezo, kwanza kwa magari mazito, halafu kuanzia Septemba kwa magari yote, hadi lilipofunguliwa tena mwezi Desemba. Malori yalizunguka njia ndefu. Mashudu ya soya na premiksi vilichelewa, na vilipofika bei ilikuwa imepanda. Dagaa nao, ambao hapa Uganda tunawaita mukene, walipanda pamoja navyo.

Dagaa ni tatizo hata daraja likiwa wazi. Wale wadogo wa Ziwa Albert wanaotoka mwalo wa Panyimur hugombewa na binadamu na kuku. Na kwa kuwa wengi huanikwa mchangani, mfugaji hununua gunia ambalo sehemu yake ni mchanga. Kuku hatagi kwa mchanga.

Kwa mfugaji wa kuku wa mayai, chakula hula asilimia 60 hadi 70 ya gharama zote. Kuku mmoja wa kisasa anayetaga hula gramu zipatazo 115 kwa siku. Kuku 120 wanamaliza karibu kilo 14, kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu. Nilihesabu nikaona kwamba miezi miwili ya namna hiyo ingenimaliza, na mkopo ulikuwa haujafika nusu.

Nzi asiyekula

Hapo ndipo nilipogeukia nzi askari mweusi, ambaye wataalamu humwita Hermetia illucens. Asili yake ni mabara ya Amerika, lakini leo yupo karibu kila nchi yenye joto. Anafanana na nyigu mweusi, ila haumi wala hachomi. Nzi mkubwa, yaani aliyekwisha toka kwenye ganda, hali chakula. Huishi siku chache tu, muda wa kujamiiana na kutaga, kisha hufa. Jike hutaga mayai mamia kwenye nyufa karibu na kitu kinachooza.

Kumpata si kazi. Niliweka ndoo ya maembe yaliyooza chini ya kivuli, juu yake nikafunga vipande vya mbao vilivyobanana. Baada ya siku chache mayai yalikuwa kwenye nyufa. Huanguliwa kwa siku nne hivi, na funza hula kwa wiki mbili hadi tatu. Niliwalisha maembe ambayo msimu wake hapa kwetu hujaa hadi yakaoza barabarani, maganda ya muhogo, na machicha ya kwete, pombe yetu ya nafaka. Funza nisiotosheleza nilinunua kwa vijana wawili wa jirani ambao nao wameanza kufuga.

Nilisoma kwamba funza huyu akikaushwa, karibu asilimia 40 ya uzito wake ni protini. Nikaishika hesabu hiyo. Chakula changu cha kilo 100 kilikuwa hivi: mahindi ya kuparaza kilo 50, pumba za mahindi 12, mashudu ya alizeti 17, dagaa 12, chokaa na makombe 8, premiksi na chumvi kilo 1. Nikaondoa dagaa wote kilo 12, nikaweka funza wakavu kilo 20, kwa kuwa protini yao ni pungufu ya ile ya dagaa. Ili kilo zisizidi 100, nikapunguza pumba kutoka 12 hadi 4.

Protini ilikaa sawasawa. Nililikagua daftari mara tatu, nikajipa alama zote.

Kuku waliupenda mchanganyiko ule ajabu. Wiki mbili za kwanza mayai hayakubadilika. Wiki ya nne yakaanza kushuka. Wiki ya saba nilikuwa naokota mayai 46, trei moja na nusu, na kuku wanatembea kama bata. Ndipo yule wa kwanza akafa.

Swali la shangazi

Jumamosi iliyofuata nilipanda matatu kwenda Koboko, kilomita zipatazo 55 kaskazini, kwa shangazi yangu. Sikwenda kwa ajili ya kuku. Nilikwenda kumwomba fedha za rejesho la mwezi ule, jambo ambalo kwa mwalimu wa umri wangu si rahisi kulisema.

Shangazi anafuga kuku wa kienyeji tangu nilipomfahamu. Ana mtego wa mchwa ambao wazee wengi wa huku wanaujua: chungu kikuukuu kilichojazwa mabua makavu na samadi yenye unyevunyevu, kimefudikizwa juu ya tundu la mchwa. Asubuhi anakikung'uta mbele ya vifaranga. Nilipomweleza yaliyonipata, alicheka kwanza, kisha akauliza:

"Mwanangu, kule Zaire mama yako alikaanga kumbikumbi kwa mafuta gani?"

Nikanyamaza.

Familia yetu ilivuka mpaka mwaka 1980, wakati West Nile ilipowaka moto baada ya kuanguka kwa Idi Amin. Nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nilisomea Bunia, kwa Kiswahili na Kifaransa, na sikurudi Uganda hadi mwaka 1997. Katika miaka ile chupa ya mafuta ya kupikia haikuwa kitu cha kila siku nyumbani kwetu. Lakini mvua zikinyesha na kumbikumbi wakiruka, sufuria iliwekwa jikoni kavu. Kumbikumbi walitiwa humo, na baada ya muda mfupi walikuwa wanachemka katika mafuta yao wenyewe. Sisi watoto tuligombania kupangusa sufuria kwa kipande cha muhogo.

"Hakutia mafuta, Shangazi," nilisema.

"Basi?"

Aliendelea kunieleza kwamba kumbikumbi wanaporuka, yeye huwaacha kuku wale kidogo, kisha huwafungia. Kuku wa kutaga akishinda siku nzima anakula kumbikumbi, alisema, "anakuwa bibi harusi: ananona, anakaa."

Niliihesabu protini kwa sababu ndiyo iliyoandikwa. Kitu ambacho nilikipangusa sufuriani kwa mkono wangu nikiwa mtoto, sikukihesabu.

Hesabu iliyokosekana

Funza wa nzi askari mweusi akikaushwa bila kukamuliwa, mafuta yake hufikia kama asilimia 30 ya uzito. Sababu yake iko katika maisha yake yenyewe. Kwa kuwa nzi mkubwa hali, funza lazima ajiwekee akiba ya safari nzima. Tena kiasi hicho hupanda na kushuka kulingana na anachokula. Funza wa vyakula vya sukari na wanga, kama maembe na muhogo, hunona zaidi. Maana yake ni kwamba nilikuwa nimewalisha chakula kile kile kinachowajaza mafuta.

Sasa tazama daftari langu tena. Kilo 20 za funza ni kilo 6 za mafuta katika kila kilo 100 za chakula, mbali na mafuta yaliyomo kwenye mahindi na mashudu. Gramu moja ya mafuta hutoa nishati zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga. Na pumba, ambazo kazi yake ni kujaza tumbo bila nishati nyingi, ndizo nilizozipunguza. Kuku aliyefungiwa bandani, kwenye joto, hana pa kuitumia nishati hiyo. Huiweka tumboni na kwenye ini.

Hata hivyo, msomaji asije akadhani kwamba mafuta ya funza ni mabaya. Ni kinyume chake. Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha ETH cha Zürich, Uswisi, walichapisha matokeo ya jaribio lao la kuku wa mayai. Walionyesha kuwa unga wa funza hawa pamoja na mafuta yao vinaweza kuchukua kabisa nafasi ya mashudu na mafuta ya soya. Siri ni kwamba wao waliyatenganisha, unga mbali na mafuta mbali, kisha wakapima kila kimoja.

Mafuta haya yana asidi ya lauriki kwa wingi, ile ile iliyojaa katika mafuta ya nazi. Wasomaji wa pwani wataelewa haraka: asubuhi ya baridi huganda yakawa meupe, jua likipanda huyeyuka. Asidi hiyo inajulikana kwa kupambana na baadhi ya bakteria wa utumbo. Je, huingia kwenye yai? Watafiti hao hao wa Zürich waliona kwamba inayofika kwenye kiini ni kidogo. Lakini mafuta haya si tajiri wa asidi ya linoleiki, ambayo husaidia ukubwa wa yai, kwa hiyo mashudu ya alizeti au soya yasiondolewe.

Nchi nyingine zimekwisha liweka jambo hili katika sheria. Umoja wa Ulaya, ambao mwaka 2001 ulizuia protini za wanyama katika chakula cha mifugo kwa hofu ya kichaa cha ng'ombe, uliruhusu protini ya wadudu kwa kuku na nguruwe mwaka 2021. Kwa jirani zetu Kenya, shirika la viwango lilitoa kiwango cha wadudu waliokaushwa kwa chakula cha mifugo mwaka 2017. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimefanya utafiti wa funza hawa kwa ajili ya kuku na samaki pamoja na wenzao wa Kenya na Uganda.

Mafuta ya watu, mafuta ya kuku

Jirani wa shangazi pale Koboko ana mashine ya mkono ya kukamulia alizeti na ufuta. Nilipomwomba anikamulie funza, alikataa katakata. Wateja wake wengi ni Waislamu wacha Mungu, na hata wasingekuwa hao, alisema, nani atanunua mafuta ya ufuta akisikia mashine ilikamua funza?

Sikumlaumu. Shangazi ndiye aliyepata njia. Mzee huyo alikuwa na mashine nyingine ya zamani iliyolala ghalani, mpini umevunjika. Tuliitengeneza, ikawekwa chini ya mwembe mbali na ile ya kwanza, na sharti likatamkwa mbele ya mashahidi: "Mafuta ya watu na mafuta ya kuku yasikutane." Hadi leo sharti hilo halijavunjwa, na namsihi kila atakayefuata njia hii alishike.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Funza huvunwa kabla hawajageuka rangi kuwa weusi. Wanaoshwa, kisha wanatumbukizwa kwenye maji yanayochemka kwa muda wa dakika moja. Hatua hii isirukwe. Huua vijidudu vingi, tena huzuia mafuta yasiharibike mapema kama yanavyoharibika funza akiachwa afe polepole juani. Baadaye huanikwa juu ya kichanja, si chini, hadi wavunjike wakifinywa. Kilo tatu za wabichi hutoa kama kilo moja ya wakavu. Kabla ya kukamua, wanapashwa joto kidogo ili mafuta yatoke.

Kinachobaki ni mashudu ya funza, ambayo protini yake imepanda kupita nusu ya uzito. Mafuta nayaweka kwenye dumu lenye kifuniko, mbali na mwanga, na siyakawizi zaidi ya mwezi mmoja. Yakinuka ukali, namwaga.

Chakula changu cha kilo 100 sasa ni mahindi 49, pumba 12, mashudu ya alizeti 17, dagaa 6, mashudu ya funza 6, mafuta ya funza kilo 1, chokaa na makombe 8, premiksi na chumvi kilo 1. Dagaa sikuwaacha kabisa, kwa kuwa funza wa kutosha kila siku siwezi kuwapata nje ya msimu wa maembe. Mafuta nayayeyusha juani, nayachanganya kwanza na pumba kidogo kwa mikono, ndipo nachanganya na vingine. Faida moja sikuitarajia: vumbi la chakula limepungua, na kuku hawachagui punje na kuacha unga.

Kwa asiye na mashine, ushauri wangu ni kutozidisha kilo 5 au 6 za funza wazima waliokaushwa katika kilo 100. Hizo peke yake ni karibu kilo 2 za mafuta. Protini inayobaki itoke kwa dagaa au soya. Mboga ya dodo isisahauliwe, maana wateja wa Arua wanapenda kiini cha njano, na rangi hiyo hutoka kwenye majani.

Tahadhari nyingine ni ya taka. Funza hula chochote, lakini hukusanya baadhi ya metali nzito mwilini, hasa kadimiamu. Takataka za jalala zilizochanganyika na betri na vyuma si chakula chao. Chukua maganda ya jikoni, matunda na machicha unayoyajua yalikotoka.

Trei mbili na mayai kumi

Kuku waliokwisha nenepa hawakurudi wote. Tisa walikufa, na kumi na mmoja niliwauza kama nyama kwa sababu hawakutaga tena. Waliobaki 100 walichukua karibu miezi miwili kupungua uzito. Mayai yalipanda taratibu, kutoka 46 hadi 58, hadi 65, hadi 70. Hapo yakatulia: trei mbili na mayai kumi. Kwa kuku 100 waliopita katika balaa hilo, sikulalamika.

Shangazi alinipa fedha za rejesho la mwezi ule. Nilipotaka kumrudishia alizikataa, akataka mayai. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi, ninapopeleka funza wakavu Koboko, napanda matatu nikiwa na gunia mkono mmoja na trei mkono mwingine. Binti yangu hakukosa muhula hata mmoja. Mkopo umebaki marejesho mawili, na daftari langu sasa lina safu mbili zilizopigwa mstari kwa wino mwekundu: moja imeandikwa protini, ya pili mafuta.